Muulize Mama Kokoto: Kitambi cha waridi la jangwani

Mwezi uliopita niligusia waridi la jangwani kwa mistari minne tu, nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizoingia ni nyingi kuliko za mwaka mzima wa maswali ya nyanya, na nusu yake ni za msiba: "Mama, limekufa." Basi leo ukurasa wote ni wa kichaka hiki kimoja, ambacho vitabu vya mimea hukiita Adenium obesum na wauza miche wengi hukiita adeniamu. Kama hujawahi kukiona, ni shina fupi lililovimba chini kama kitambi cha mzee aliyestaafu vizuri, ngozi ya kijivu, matawi machache, majani yanayong'aa yaliyojikusanya kwenye ncha, na maua yenye petali tano, mara nyingi mekundu au ya pinki yanayofifia kuwa meupe katikati. Na kwa yule msomaji aliyeuliza kwa ufupi kama hili ni waridi kweli: hapana, si waridi hata kidogo. Ni ndugu wa oleanda na franjipani. Jina ni la uzuri, si la ukoo.

*Shikamoo Mama Kokoto. Waridi langu la jangwani nilipewa mwaka jana likiwa zuri sana. Nimelimwagilia kila asubuhi bila kukosa. Sasa majani yanageuka manjano na kudondoka, na shina limelainika. Nimeongeza maji yawe mara mbili kwa siku lakini hali inazidi kuwa mbaya. Nifanye nini? – Mwenye Huzuni*

Marahaba mwanangu. Kwanza weka kopo chini.

Usijione mbaya, mimi pia nimeua. Wa kwanza kabisa nilipewa na wifi yangu, una tumbo la ukubwa wa ngumi mbili. Nikaupanga mstari mmoja na mrehani, na kila mrehani ulipopata maji, nao ukapata fungu lake. Baada ya wiki sita hivi niliushika niugeuze upande wa pili upate jua, ukabaki mkononi. Juu shina na majani, chini uji wa kahawia unaonuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Mizizi haikuwepo tena.

Lile tumbo ni tangi. Mmea huu kwao ni nchi kavu, kuanzia Senegali kupita ukanda wa Sahel hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari uko Yemen, Oman na Saudi Arabia. Huko unakaa miezi bila tone, unaishi kwa akiba ya tumboni. Usichokiweza ni mizizi iliyolowa muda wote. Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji hewa inakosekana, mizizi inakufa, kuvu wanaingia kwa mlango huo na kupanda mpaka tumboni. Na hapa ndipo watu wanapopotea: mmea uliooza mizizi hauwezi tena kunywa, kwa hiyo unanyauka na kulegea kama wenye kiu. Mwenyewe anauonea huruma, anaongeza maji.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, bonyeza. Kidole gumba, pande zote nne za tumbo, anzia usawa wa udongo upande juu. Ukikuta limelegea sawasawa kote, kama mpira uliopungua upepo, na ngozi imeingia makunyanzi, hiyo ni kiu. Mwagilia mpaka maji yachuruzike chini ya chungu, na baada ya siku chache litakaza. Lakini ukikuta mahali pamoja panabonyea mpaka kidole kinaacha shimo, huku pengine pagumu, na pale palipobonyea pameingia weusi au panatoa harufu, huo ni uozo.

Kwa maelezo yako, naona ni uozo. Ung'oe leo, usingoje Jumamosi. Kung'uta udongo wote, osha mizizi uione. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata sehemu laini. Endelea kukata mpaka ukutane na nyama nyeupe kama chaki, isiyo na hata doa moja la kahawia, na ufute kisu kila unapohamia mkato mpya. Doa moja ukiliacha kwa huruma litarudi na jamaa zake. Pakaa unga wa salfa kwenye kidonda. Mimi nikiukosa natumia mkaa uliosagwa. Kisha ulaze kivulini penye upepo wiki moja hadi mbili, bila udongo, bila maji, mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu kama gome. Najua inaumiza roho kuona mmea umelala mezani kama samaki. Uache. Ukikauka, upande kwenye mchanganyiko mkavu wenye changarawe nyingi, na maji ya kwanza yasubiri wiki nyingine.

Ninao mmoja uliopoteza theluthi mbili za tumbo kwa upasuaji wa namna hii. Umeinama upande kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Maua unatoa.

Na tafadhali usiniandikie tena kuuliza "mara ngapi kwa wiki". Wiki haijui udongo wako. Msimu wa joto, majani yakiwa mengi na jua kali, mmea mkubwa kwenye chungu kidogo unaweza kutaka maji kila baada ya siku mbili tatu. Ukishapukutisha majani kwa baridi au kiangazi umelala, kunyweshwa kidogo sana kunatosha. Pima kwa kijiti: kichomeke hadi chini, kikitoka na udongo umeganda, kesho. Kikitoka kikavu, bonyeza tumbo, ndipo uamue. Na kile kisahani chini ya chungu kinachohifadhi maji, kitoe kabisa, ukipe paka.

*Mama Kokoto, nina bustani ya mawe na nimechoka na vyungu. Nataka kuupanda ardhini. Udongo wangu ni mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanasimama. Nimeshachimba shimo la nusu mita na kulijaza mchanga na kokoto ili maji yapite. Nimekosea? – Fundi wa Mawe*

Umechimba kisima, ndugu yangu. Maji ya bustani nzima yakitafuta pa kwenda, yatakuta shimo lako lenye mchanga laini limezungukwa na mfinyanzi usiopitisha, yataingia humo na kukaa. Mmea wako utakuwa umesimama ndani ya bakuli.

Rudishia udongo kwenye shimo, kisha panda juu badala ya kwenda chini. Jenga tuta la sentimita 30 au zaidi, upana wa mita moja hivi, kwa changarawe, mchanga mkubwa wa mtoni na udongo wa kawaida kidogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Mboji kiganja kimoja viwili inatosha. Kwa kuwa wewe ni mtu wa mawe, panga mawe upande wa chini yashikilie tuta, na mmea uukalishe juu kabisa, tumbo likiwa nje ya udongo, mizizi tu ndiyo izame. Juu tandaza kokoto. Usitandaze majani makavu wala maranda karibu na shina, maana yanashika unyevu palepale usipoutaka.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Mche uliokulia chini ya wavu wa kivuli hauna ngozi ya kustahimili jua la saa saba. Ukiuhamishia tuta siku hiyo hiyo unaungua, unapata kovu la kahawia upande mmoja, na kovu hilo halifutiki. Uzoeshe kwa wiki mbili: jua la asubuhi kwanza, kisha ongeza saa kidogo kidogo. Mimi hutia alama ya chokaa upande uliokuwa ukitazama jua kabla ya kuhamisha, nikipanda naugeuza vilevile. Watu hunicheka.

Ukishaupanda uache wiki nzima bila maji, vidonda vya mizizi vikauke. Baada ya hapo mwagilia kwa kushibisha, acha ukauke, rudia. Kiangazi cha kwanza usiutupe kwa kuwa umesikia ni mmea wa jangwani. Mizizi bado mifupi, inahitaji mkono wako. Kuanzia mwaka wa pili utakuwa unajitegemea kwa kiasi kikubwa. Majirani wazuri kwenye tuta ni mshubiri na mimea mingine isiyopenda maji. Jirani mbaya ni nyasi zinazonyunyiziwa kila jioni. Na kama unaishi penye baridi inayoshuka chini ya nyuzi 10 kwa majuma, samahani, baki na chungu unachoweza kukiingiza ndani.

*Shikamoo mama. Jirani alinikatia tawi la adeniamu yake yenye tumbo kubwa ajabu. Tawi limeota vizuri, sasa mwaka wa tatu, lakini ni jembamba kama mwanzi. Nahisi alinipa aina ya bandia. – Nimedanganywa*

Marahaba. Kamwombe jirani msamaha kama ulishamnunia.

Tumbo lile linatokana na sehemu ya mche iliyo kati ya mzizi na majani ya kwanza kabisa. Mmea ulioota kwa mbegu unayo, na ndiyo inayovimba. Tawi lililokatwa halina sehemu hiyo na halitaipata. Mizizi yake inaweza kunenepa kwa miaka, ukaiinua juu ya udongo ikapendeza, lakini kitambi chenyewe hapana. Neno obesum ni la Kilatini, maana yake mnene. Msomi Peter Forsskål, aliyekwenda Arabia na msafara wa Denmark na kufia Yemen kwa malaria mwaka 1763, ndiye aliyeupa jina hilo. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, na humo aliuweka kwenye kundi la oleanda. Kundi la Adenium lilikuja kutengwa baadaye, 1819, kwa jina linalohusishwa na Aden. Angeoneshwa tawi lako, sidhani kama unene ungemjia akilini.

Lakini tawi lako lina thamani nyingine. Litatoa maua yaleyale ya mama yake, petali kwa petali. Mbegu haziahidi hivyo: panda mbegu kumi za ua jekundu, unaweza kupata pinki, nyeupe na nyekundu iliyopauka. Ndiyo sababu wakulima wengi wanabebesha. Wanaotesha mbegu kupata tumbo, kisha juu wanaunganisha kikonyo, yaani kipande cha tawi la mmea wenye ua wanalolitaka. Nawe ufanye hivyo. Otesha mbegu. Shina la mche likifikia unene wa kidole gumba, likate juu, chonga mfano wa V, chomeka kikonyo cha jirani kilichochongwa kabari, funga kwa utepe mpaka usione mwanga katikati, funika kwa mfuko wa plastiki, weka kivulini wiki mbili tatu. Kikonyo kikibaki kigumu na kuchomoza kijani, umefaulu. Changu cha kwanza hakikufaulu, wala cha pili. Cha tatu niliacha kukichungulia kila siku, kikashika.

Kila unapobadilisha chungu, mwaka mmoja au miwili, inua mmea sentimita mbili tatu juu ya ulivyokuwa. Mizizi minene inabaki nje, inageuka ngozi ya kijivu, na tumbo linaonekana linakaa kwa miguu yake.

*Mdogo wangu Kokoto, mimi ni mzee wa miaka 71. Waridi langu lina majani ya kijani kibichi, limerefuka hadi begani kwangu, na halijatoa ua miaka miwili. Nalitia samadi ya kuku kila mwezi. – Babu Mrefu*

Shikamoo kaka. Samadi ya kuku ndiyo inayokuchezea. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni inalea majani na urefu. Isimamishe. Pili, likae penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku; urefu ule wa kutafuta dari mara nyingi ni mmea unaotafuta mwanga. Tatu, na hapa ujipe moyo, likate. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, na wewe una tawi moja, kwa hiyo una ncha moja. Kila ukikata, chini ya mkato huchipua matawi mawili matatu. Kata mwanzoni mwa msimu wa joto, juu kidogo ya urefu unaotaka, mkato mshazari ili maji yasituame. Likiwa limelala usingizi wa baridi usilikate. Ngoja miezi miwili mitatu, vitumba vitakuja. Vipande ulivyokata usivitupe, mpe Nimedanganywa hapo juu.

*Mama, nina mtoto wa miaka miwili anayeweka kila kitu mdomoni, na mbuzi wawili wanaozurura. Nimesikia mmea huu ni sumu. Ni kweli au ni maneno ya watu? – Mama wa Wawili*

Ni kweli, na hapa sina mzaha. Utomvu wake mweupe una sumu inayogusa moyo, ya jamii ileile iliyomo kwenye oleanda. Wawindaji sehemu nyingi za Afrika waliutumia kwenye mishale. Wahadzabe wa Tanzania ni miongoni mwao. Aliyekula anaweza kutapika, na mapigo ya moyo yakapungua au kuruka. Mtoto akitafuna, mpeleke hospitali hapohapo na uchukue tawi la mmea mkononi waujue. Usimlazimishe kutapika, usisubiri kuona kama ataumwa.

Ukishindwa kuuweka mahali mtoto hafiki, usiufuge mpaka akue. Mbuzi nao wawekee uzio. Wewe mwenyewe ukikata vaa glavu, usijifute jicho, nawa kwa sabuni. Kisu kilichokata adeniamu hakirudi jikoni. Changu nimekifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na nyumbani kwangu kila mtu anajua maana yake.

*Mama Kokoto, nimekuta kiwavi wa kijani mnene kama kidole, ana macho mawili ya bluu makubwa, amemaliza majani yote kwa usiku mmoja. Ni mdudu gani huyu asiyekufa kwa sumu? – Nimeogopa*

Yale si macho, ni madoa tu ya kutishia ndege. Amekutisha na wewe, basi amefanya kazi yake. Ni kiwavi wa nondo wa oleanda, Daphnis nerii. Mwili wake unastahimili sumu hiyo, kwa hiyo kwake majani yako ni meza iliyoandaliwa. Mtafute jioni kwa tochi. Kama humwoni, angalia chini. Vinyesi vyake ni vidonge vyeusi kama punje za pilipili manga, na ukitazama juu yake wima utamkuta. Mtoe kwa mkono, dawa ya nini kwa mdudu mmoja? Majani yatarudi baada ya wiki chache, mmea una akiba tumboni.

Mimi niliwahi kumweka mmoja kwenye mtungi wa kioo wenye udongo na majani. Siku moja aligeuka kahawia, akaacha kula, akajificha chini. Wiki mbili hivi baadaye alitoka nondo mwenye mabaka ya kijani na pinki, mzuri kuliko ua lenyewe. Nilimfungulia usiku. Najua nitajuta.

Wasumbufu wa kweli ni wadogo. Vidukari vya manjano vyenye miguu myeusi hujazana kwenye machipukizi, na vidung'ata vyeupe kama pamba hujificha kwenye makwapa ya matawi. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku tano.

*Shikamoo. Baada ya maua, mmea wangu umeota pembe mbili kama za beberu. Ni ugonjwa? – Pembe*

Marahaba. Hongera, una mimba. Hayo ni maganda ya mbegu, huja mawili mawili. Maua haya huwa magumu kuchavushwa kwa kuwa chavua imefichwa ndani kabisa, kwa hiyo wadudu wa bustani yako ni hodari. Yaache, yanachukua miezi mitatu hivi kukomaa. Yatatoka kijani yawe kahawia, kisha yatapasuka ghafla kwa mstari mmoja. Kila mbegu ni kama kijiti kidogo chenye kishungi cha manyoya kila ncha, na upepo ukizikuta hutaziona tena. Kwa hiyo yafunge mapema kwa soksi nyepesi ya kike au uzi, yakipasuka mbegu zibaki humo.

Zipande mapema, maana zikikaa miezi mingi hupoteza uhai. Zilaze juu ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, zifunike kwa tabaka jembamba la mchanganyiko huohuo, weka penye joto, na udongo uwe na unyevu muda wote. Ni wakati pekee katika maisha yake mmea huu unapotaka hivyo. Kwa kawaida ndani ya wiki moja zinaota, na si muda mrefu utaona kila mche umeshaanza kitambi chake, kidogo kama harage.

Ukifungua soksi, fungulia ndani ya nyumba, juu ya karatasi. Mimi nilifungulia barazani siku ya upepo. Mpaka leo jirani yangu ananiuliza nani kampandia maua kwenye mfereji wa paa lake.